Kilomita Kumi za Kumfikia Kipa

Wenzangu wa kijiwe cha kahawa, mmeniuliza mara tatu sasa: "Afande, ulikwenda mpaka Johannesburg kumwona mpwa wako akicheza mpira. Haya, mechi ilikuwaje?" Mara zote tatu nimejibu "foleni," kisha nikaagiza kashata nyingine. Jibu lile si la uongo, ila limekatwa miguu. Nimeamua kuiandika safari yote, kuanzia stendi mpaka uwanjani, maana nikiisimulia kwa mdomo mtanikatiza kwa vicheko kabla sijafika mahali panaponiuma.

Kwa msiomjua Zaina, ni mdogo wangu, tumbo moja. Miaka ile wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokuwa wakiishi jirani na mji wetu, aliolewa na mmoja wao, Vusi, seremala mwenye maneno machache. Milango ya kwao ilipofunguliwa wakahamia Johannesburg, wakamzaa Themba, na mtoto alipotimiza miaka miwili Vusi akafariki. Zaina hakurudi. Alibaki kulea, na mpaka leo anauza vitambaa kwenye duka la jumla katikati ya jiji, duka ambalo siku yake kubwa ni Jumamosi. Mechi za chuo cha Themba nazo ni Jumamosi. Miaka minne kijana yuko kwenye timu, mama yake hajamwona uwanjani hata siku moja.

Na hata angekwenda, angemwona amekaa. Themba ni kipa, na miaka yote minne alikuwa kipa wa akiba, kazi yake kubeba chupa za maji na kupiga makofi. Ndipo mwaka huo wa 2019 timu ikaingia fainali ya vyuo, kipa namba moja akavunjika kidole mazoezini, na Themba alikuwa anamaliza masomo. Zaina akanipigia simu. "Kaka, njoo," akasema. "Nimepewa ruhusa kazini. Mwanangu atadaka mechi moja tu, na hiyo moja nitaiona kwa macho yangu."

Morogoro hadi Park Station

Habari za pasi, tiketi na mihuri nazipita, hazina ladha. Niseme tu kwamba nilikaa ndani ya basi siku tatu na nusu, na mnajua mtu aliyeongoza magari miaka thelathini na moja pale Msamvu hawezi kukaa kwenye basi kama abiria wa kawaida. Kila kona nilikuwa na maoni. Kila dereva aliyetupita vibaya nilimsomea mashtaka yake kwa sauti, hata kama jirani yangu alikuwa amelala.

Ndani ya Zambia, mbele kidogo ya Mpika, tairi la nyuma likapasuka, tukakaa kando ya barabara saa tano. Dereva aliweka matawi nyuma ya basi kuwatahadharisha wengine, lakini aliyaweka karibu mno. Nikayasogeza mbali zaidi. Akaja akayarudisha. Nikayasogeza tena. Mama mmoja wa Kitwe, aliyekuwa ametoka kununua madera Kariakoo, akaniita kwa Kiswahili chake cha dukani: "Baba, kuja kula. Barabara si yako." Akanipa nshima, ule ugali wao laini, na dagaa wa kukaanga na nyanya ndani ya kopo. Nilikula nikiwa nimenuna, nikamaliza, nikaongezwa.

Mpaka wa mwisho, pale Beitbridge, ulitumeza mchana kutwa. Foleni ilikuwa moja, kisha zikawa tatu, kisha mtu mwenye fimbo akazirudisha kuwa moja kwa kuzichanganya, na mimi niliyekuwa wa kumi nikajikuta wa sitini. Nilijikaza nikanyamaza. Naliandika hili ili mjue kwamba kunyamaza naweza, nikitaka.

Park Station nilimkuta Zaina amesimama kwenye geti la mabasi na sweta la kijani. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na mmoja. Amefanana na mama yetu mpaka nikashindwa kumpa mkono, nikamkumbatia tu na kulia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Rosettenville hadi mjini

Nyumba ya Zaina iko Rosettenville, upande wa kusini wa jiji, mtaa wa Wareno wazee na wahamiaji kutoka kila pembe ya bara letu. Chumba cha uani amempangisha Papa Byamungu, fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, ambako kila mzee huitwa Papa. Siku za kazi Papa Byamungu anashona suti. Siku za mechi anavaa fulana ya njano inayong'aa na kulinda magari mtaani, karibu na uwanja wa chuo. Kule hiyo ni kazi ya watu wengi: anakuelekeza uegeshe, anakaa na gari lako mpaka urudi, nawe unamwachia chochote.

Ijumaa alituapia. "Mama Themba, nafasi yenu miye nitaishika. Karibu na geti, hatua makumi mbili tu. Mutakuya, mutaingiza gari, mutaenda kuona mutoto. Ni hiyo tu, c'est tout."

Jumamosi aliondoka alfajiri na koni yake moja ya plastiki begani. Themba alikuwa ameshakwenda na timu tangu jana yake. Mechi ilikuwa saa tisa alasiri, na kutoka nyumbani hadi uwanjani ni kilomita kumi. Zaina akataka tutoke saa sita na nusu. Nikamcheka.

"Kilomita kumi, saa mbili na nusu? Tunasukuma gari?"

"Kaka, wewe hujaona siku ya fainali hapa," akajibu, na kuzungushia taulo sufuria ya pilau aliyompikia Themba ale baada ya mechi. Nikaipakata mimi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na kofia nyeupe, kwa sababu rangi ya timu ya Themba ni nyeupe. Nilijitazama kwenye kioo cha mlangoni nikaona bado sare inanikaa.

Mpaka katikati ya jiji tulikwenda vizuri. Pale magari yakaanza kushikana. Mabasi ya wanafunzi yalitoka mitaa ya Joubert Park, wamening'iniza bendera madirishani, vuvuzela zinalia, mabinti wamepakwa rangi nyeupe usoni. Zaina akawa anagonga usukani kwa vidole akiimba kimya kimya. Sijamwona na furaha kama ile tangu siku ya harusi yake. Alikuwa amevaa viatu vya kisigino kwenda kuangalia mpira.

Simu ikalia, akaiweka sauti kubwa. Papa Byamungu. "Mama Themba, munafika wapi? Miye niko nangoya. Niliweka kreti mbili na koni, na miye mwenyewe niko nasimama katikati. Benye magari beko nanikasirikia, lakini sitoke."

"Tunakuja, Papa. Tuko mjini."

"Sawa, sawa. Miye ni kama mti hapa."

Kwenye robot iliyokufa

Zilipobaki kilomita nne tukafika kwenye njia panda kubwa ya barabara nne, na taa zake zilikuwa zimezimika. Kule taa za barabarani wanaziita robot, na mwaka ule walikuwa na mgao wa umeme kama tunaoujua sisi, saa mbili eneo hili, saa mbili eneo lile. Mbele yetu kulikuwa na msururu ambao sikuuona mwisho wake. Saa yangu ilisema saa saba na dakika arobaini.

Polisi hakuwepo. Nikangoja nisikie honi na matusi. Sikusikia kitu. Magari yalikuwa yakifika kwenye mstari, yanasimama, na yanapita moja moja, la kusini, la mashariki, la kaskazini, la magharibi, kama watu wanaopokezana kata ya maji kisimani. Aliyefika kwanza anapita kwanza. Kila dereva ameshika kichwani nani alimtangulia. Hata zile teksi zao za abiria, mabasi madogo meupe ambayo yana sifa mbaya mji mzima, zilikuwa zikingoja zamu.

"Ndiyo utaratibu wa hapa," Zaina akanieleza. "Robot ikifa, kila mtu anasimama, halafu zamu kwa zamu. Taratibu, lakini inakwenda. Tutafika saa nane na nusu, kaka. Tulia."

Sikutulia. Nasema ukweli wangu: utaratibu ule uliniudhi. Miaka thelathini na moja nimeamini kwamba magari yasipokuwa na mkono wa mtu yatakanyagana, na hapa mbele yangu yalikuwa yanakwenda bila mkono wa mtu yeyote. Halafu nikaona kasoro yake, au nikaitafuta mpaka nikaipata. Gari moja moja ni kupoteza muda. Ukiruhusu ishirini za upande mmoja, kisha ishirini za upande wa pili, foleni inakatika mara moja. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa.

"Ngoja nikawanyooshee kidogo," nikasema, na kuweka sufuria chini.

"Kaka, hapana. Kaka!"

Nilikuwa nimeshafunga mlango.

Nilisimama katikati ya njia panda ile na shati langu jeupe, nikainua kiganja kuzuia mashariki na magharibi, nikawapungia kusini. Wakanitii! Magari ya Johannesburg yakanitii mimi wa Msamvu. Nikatoa ishirini, nikafunga, nikafungua mashariki, nikafunga. Dereva mmoja akashusha kioo akanipa sarafu, nikamrudishia kwa saluti. Mgongo ulininyooka. Kwa dakika kama sita hivi nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu nistaafu, na sikuwa namfikiria Zaina wala Themba hata chembe.

Kisha nikainua kidole kimoja juu, kama nilivyozoea kumwambia dereva "dakika moja." Teksi moja ikafunga breki mbele yangu katikati ya njia panda, mlango ukafunguliwa, dereva akaniita kwa Kiingereza: "Unakwenda mjini, baba? Panda haraka." Baadaye niliambiwa kule abiria husimamisha teksi kwa vidole, kila kidole na njia yake. Nikamwambia siendi popote, aondoe gari. Akaniuliza basi kwa nini nimemsimamisha. Tukaanza kubishana, mimi nikiwa nimeipa barabara mgongo na mikono nimeishusha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mikono yangu iliposhuka, pande zote nne zikangoja mkono mwingine, mkono usije. Wakataka kurudi kwenye zamu zao, lakini nani angejua ni zamu ya nani? Hesabu ile waliyoishika vichwani niliifuta mimi. Watu wanne wakadhani ni wao, wakaingia pamoja. Wa nyuma yao wakafuata. Basi la wanafunzi likajaribu kuwazunguka, likakwama likiwa limekingama barabarani. Nilipogeuka, njia panda nzima ilikuwa imefungwa kama mlango uliopigwa misumari, na honi ambazo sikuzisikia mwanzo zikaanza zote kwa pamoja.

Akaja askari wa jiji, mwanamke wa makamo, ameliacha gari lake mbali na kuja kwa miguu. Akanitazama kofia mpaka viatu.

"Baba, wewe ni nani?"

"Polisi," nikasema. "Trafiki. Mstaafu."

"Wa wapi?"

"Morogoro."

Akavuta pumzi. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu angenifokea. "Baba, nakuomba urudi ukakae ndani ya gari lako," akasema, na akanishika kiwiko kunivusha, kama mnavyowavusha wazee.

Ndani ya gari

Zaina alikuwa ametazama saa ya gari, na kila nilipotaka kufungua mdomo niliona shingo yake imekaza, nikaufunga. Ilipofika saa tisa kamili tulikuwa tumesogea hatua tatu. Papa Byamungu akapiga simu. "Mama Themba, bameanza. Munafika wapi?"

"Tuko kwenye robot, Papa."

"Robot gani tena? Beko nasema huku kuna muzee mumoja kichwa yake si muzima, amefunga barabara yote."

"Ndiyo," Zaina akasema. "Nimemwona."

Akakata simu. Tukakaa. Alikuwa bado na tumaini kwamba basi lile likitolewa tutapita, na magoti yake hayamruhusu mwendo mrefu, kwa hiyo akangoja. Saa tisa na nusu basi bado lilikuwa palepale. Akavua viatu vyake vya kisigino akaviweka juu ya dashibodi, akatoa kandambili chini ya kiti.

"Nakwenda kwa miguu."

"Kilomita nne, Zaina? Na magoti hayo? Nakuja na wewe."

"Ukija, nani anabaki na gari?" Akafungua mlango. Ndipo sauti yake ikakatika. "Nilikuwa nakuomba kitu kimoja tu, kaka. Utulie. Kaa kwenye usukani, na usishuke."

Nilimtazama akipita katikati ya magari, anachechemea, sweta la kijani likipotea na kutokea, mpaka likapotea moja kwa moja. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Nimewahi kuwaweka watu barabarani saa nzima nikisubiri msafara wa mkubwa upite. Nimewaona wajawazito, wanafunzi wa mitihani, watu wanaowahi maziko, wote wakinitazama kupitia vioo, na sikuwahi kujiuliza wanawahi nini. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kioo.

Kushoto kwangu kulikuwa na gari dogo jekundu, ndani yake bibi mmoja wa Soweto na wajukuu wawili wenye rangi nyeupe usoni. Akashusha kioo akaniuliza yule mke wangu amekwenda wapi. Nikamwambia si mke, ni dada yangu, mwanawe ni kipa, na mimi ndiye yule mzee. Sijui kwa nini nilimwambia. Akaguna, akapekua mfuko, akanipa magwinya mawili yaliyofungwa kwenye karatasi. Ni maandazi yasiyo na iliki, makubwa kama ngumi, ya moto bado. Nami nikafunua sufuria nikawapakulia wajukuu pilau kwenye mfuniko. Kijana wa gari la nyuma, aliyekuwa amenitukana kwa lugha tatu, akaja kunusa, nikampa na yeye. Akala amesimama, akasema nyama ni laini, kisha akanikumbusha kwamba mimi ni mjinga. Nikakubali.

Saa kumi na dakika tano basi likavutwa, magari yakaanza kutambaa. Nilikuwa nimesogea kama nusu kilomita simu ya Zaina, aliyoisahau kwenye kiti, ikalia. Papa Byamungu alikuwa anapiga kelele.

"Mama Themba! Mutoto amekamata penalti! Batu bote beko naimba jina yake, miye niko nasikia mpaka huku inje! Themba, Themba! Ulimuona?"

"Ni mimi, Papa," nikasema. "Mama yake yuko njiani kwa miguu."

Nyuma yake nilisikia kweli uwanja ukiimba jina la mpwa wangu.

"Oh, Papa," akasema polepole. "Pole sana."

Nikapiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikalia, na mtu wa mbele akadhani namharakisha, akanionyesha mkono. Mpira ule mmoja, miaka minne ya kubeba chupa za maji, na mama yake alikuwa wakati ule kwenye lami anatazama kandambili zake.

Nafasi ya Papa Byamungu

Nilifika mtaa wa uwanja saa kumi na moja kasoro dakika tano, watu wakitoka. Walikuwa wanaimba, wameshinda moja bila. Pande zote mbili magari yalikuwa yanaondoka, nafasi za kuegesha zilikuwa tele, ungeweza kuegesha malori. Na hatua ishirini kutoka getini nikamwona Papa Byamungu na fulana yake ya njano, amesimama katikati ya nafasi tupu, kreti moja huku, kreti nyingine huku, koni mbele yake. Alikuwa ameishika tangu asubuhi. Baadaye kijana anayelinda upande wa pili aliniambia kwamba watu walimwahidi Papa mambo mengi siku ile, na mmoja alishuka na spana ya magurudumu mkononi, na Papa akakataa kusogea.

Nikataka kuegesha popote, pale mbele tu. Akaninyooshea kidole kwa ukali. Basi nikangoja aondoe kreti, aondoe koni, arudi nyuma, aniite kwa mikono yote miwili, "kuya, kuya, kata kidogo, kuya, simama!" mpaka gari likakaa sawa kabisa katika nafasi ambayo hakuna aliyeihitaji tena. Nilimtii kila ishara.

"Umefika, Papa," akasema.

Tulikaa juu ya kreti, mimi na yeye, tukala pilau iliyobaki upande mmoja, upande wa pili tukamwachia Themba. Nikamwambia yule mzee wa barabarani ni mimi, hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba robot za huku zikifa, ni vizuri kuziacha zife.

Zaina akaja na Themba, amemshika mkono wa glavu. Kijana ni mrefu kuliko mlango wa basi, ubavu mzima umejaa tope. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na mimi ananiita malume, ndiyo mjomba kwa Kizulu. "Malume," akasema akicheka, "ni kweli ni wewe? Nusu ya mashabiki wetu waliingia mapumziko yamekwisha." Nikamwomba radhi. Akanikumbatia na tope lake lote juu ya shati langu jeupe, akaniambia yamekwisha. Lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama Zaina akifuta miguu yake kwa taulo la pilau, kidole gumba kimechubuka.

Kurudi Rosettenville

Papa Byamungu alibaki kulinda magari mawili ambayo wenyewe hawajaja. Zaina akashika usukani, mimi pembeni, Themba nyuma na sufuria mapajani, anakula. Jua lilikuwa bado liko juu ya majengo. Tulipofika kwenye ile njia panda umeme ulikuwa umerudi, robot zinawaka kijani na nyekundu kama vile hakuna kilichotokea. Tukavuka bila hata kusimama. Nikaona nikinyamaza mpaka nyumbani sitalisema tena.

"Zaina, nisamehe. Penalti ile ilikuwa yako. Nimekunyang'anya."

Akabadili gia.

"Niliingia zimebaki dakika tisa," akasema. "Na mpira haukwenda upande wake hata mara moja. Dakika zote tisa ulikuwa kule kwa wenzao."

"Ndiyo nasema, nisamehe."

"Ngoja nimalize. Kwa hiyo nikawa namtazama yeye tu. Uwanja wote unatazama kule, mimi namtazama yeye. Amesimama golini peke yake, hana kazi. Mkono mmoja kiunoni. Mguu mmoja unachezea majani. Kichwa amekilaza upande, hivi. Kaka, alikuwa ni Vusi. Ni Vusi pale stendi ya Morogoro ananisubiri nishuke kwenye basi la Dodoma. Nimemlea mtoto huyu miaka ishirini na mbili, nyumbani hajawahi kusimama vile." Akajifuta jicho kwa mkono wa sweta. "Ningefika mapema, ningetazama mpira kama watu wengine."

Nyuma kijiko kikaacha kugonga sufuria.

"Baba alisimama vipi?" Themba akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili.

Zaina akamtazama kwenye kioo. Kisha akawasha taa ya kuashiria, akalitoa gari barabarani taratibu, akalisimamisha mbele ya duka moja la matairi lililofungwa. Akashuka na kandambili zake, akasimama kwenye ukingo wa barabara, magari yakimpita. Akaweka mkono mmoja kiunoni. Akalaza kichwa.

Themba akaweka sufuria kando, akashuka, akasimama mbele yake, akajaribu. Zaina akakitazama kiwiko cha mwanawe, akatikisa kichwa, akakisogeza nyuma kidogo kwa vidole viwili mpaka kikakaa alipotaka.